Kidonda changu ni kidogo, lakini nipeni muda

Siku ya tano baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam nilikotibiwa moyo, shangazi alikuja Chikongola, hapa Mtwara, kunijulia hali. Akaomba kuona kidonda. Nikamwonyesha alama mbili ndogo juu ya paja, karibu na kinena, na weusi wa damu iliyovilia pembeni yake. "Ndiyo hiyo tu, mwanangu? Basi umeshapona, alhamdulillahi." Jioni ile ile nikawasikia watu uani wakiulizana kwa nini bado nachotewa maji.

Sisi humpimia mgonjwa mapumziko kwa urefu wa mshono. Aliyejifungua kwa operesheni anahudumiwa arobaini nzima, na ni haki yake. Lakini aliyepitishiwa mirija kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, zikachomwa kwa joto sehemu zinazoleta mapigo ya ovyo, anaonekana kama katoka kudungwa sindano. Kidonda chenyewe kiko moyoni. Palipochomwa panavimba kwanza, kisha kovu linajijenga taratibu, na kovu hilo ndilo linaloufungia njia umeme wa mwili uliokuwa ukiuvuruga moyo.

Ndiyo maana wiki za mwanzo moyo unaweza kurudia kwenda mbio. Wangu ulinishtua usiku wa kumi na moja, saa nane, nikakaa kitandani nalia nikiamini pesa yote ya korosho imepotea bure. Asubuhi daktari akanieleza kwa simu kwamba katika miezi miwili mitatu ya mwanzo hali hiyo si dalili kuwa matibabu yameshindwa. Maneno hayo ningepaswa kuyasikia kabla ya kuruhusiwa, tena mume wangu akiwa amekaa pembeni, maana yeye ndiye aliyehangaika na mimi usiku ule.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa. "Moyo umeshatengenezwa, vidonge vya nini tena?" Nimeulizwa hivyo na watu wanaonipenda kweli. Dawa za kuzuia damu kuganda huendelea kwa angalau miezi miwili hata ukijisikia mzima kabisa, kwa sababu bonge la damu likitoka moyoni likafika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Na ukiwa unazitumia, usinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo bila kumuuliza daktari. Unaweza kuvuja damu tumboni.

Halafu homa. Huku kwetu homa ni malaria, tunakwenda kupima na kumeza dozi. Pima, ndiyo. Lakini kwa aliyechomwa sehemu ya nyuma ya moyo, karibu na mrija wa chakula, homa inayokuja hata wiki kadhaa baadaye, pamoja na maumivu ya kumeza au ya kifua, inaweza kuwa tundu kati ya moyo na mrija huo. Ni nadra sana, na inaua. Mwambie tabibu wa zahanati tangu mlangoni kwamba ulifanyiwa matibabu ya moyo, na uwapigie waliokutibu siku hiyo hiyo.

Sasa niko wiki ya tisa. Natembea hadi sokoni na kurudi bila kusimama njiani. Shangazi alikuja tena juzi, na safari hii hakuomba kuona kidonda. Aliniuliza usiku nalalaje.