Televisheni ya Mji: Aishike Meya au Bodi?

Mama mmoja Mkenya, anayepika pilau na mahamri ya harusi katika mji mmoja wa viungani mwa Boston, alitengeneza kipindi cha mapishi cha nusu saa kwa ajili ya kituo cha televisheni cha mji wake. Mafunzo ya kamera aliyapata hapohapo kituoni, taa na maikrofoni akaazima, akapika, kisha akahariri mwenyewe kwa wiki mbili baada ya kutoka kazini. Kipindi kikarudishwa kabla ya kuruka. Kosa lake ni kwamba mwishoni aliandika namba ya simu ya biashara yake, na kwenye chaneli za umma kama hii, zinazorushwa kwa kebo, yaani televisheni ya waya, matangazo ya biashara ni marufuku. Akaifuta namba, na kipindi kikaonyeshwa Jumanne saa mbili usiku, baada ya marudio ya kikao cha bodi ya shule.

Mimi ndiye niliyeshika kamera ya pili. Sikukasirika, maana kanuni ilikuwa wazi na tuliisaini wenyewe. Ila nilibaki na swali: aliyemrudishia kipindi ni nani hasa? Meya, kampuni ya kebo, au bodi ya kituo, watu saba ambao hakuna raia aliyewapigia kura?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968, wakazi wa Dale City, Virginia, mji wa viungani mwa Washington, walikuwa tayari wanaendesha chaneli yao kwenye mtandao wa kebo. Mwaka 1971 Manhattan ikafungua chaneli za umma, na mwaka uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikazilazimisha kampuni za kebo katika masoko makubwa kutenga chaneli kama hizo. Mahakama ya Juu ikaifuta amri hiyo mwaka 1979. Kinachotumika leo ni sheria ya kebo ya 1984, inayouruhusu mji, katika mkataba wake na kampuni ya kebo, kudai chaneli za umma, za elimu na za serikali. Ikumbukwe kwamba inauruhusu tu, haiulazimishi. Mji usiodai hauna haki ya kulalamika.

Basi chaneli ikishapatikana, aiendeshe nani? Miji ya viungani ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuifanya idara ya mji, wafanyakazi wake wakilipwa na halmashauri. Ya pili ni kuikabidhi kwa shirika lisilo la faida lenye bodi yake na kuliandikia hundi kila robo mwaka.

Wanaotaka iwe idara wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kwanza, kazi inayotazamwa kwa makini kuliko zote kwenye vituo hivi ni vikao: halmashauri, bodi ya shule, kamati ya mipango miji. Ikitangazwa kwamba kesho kutakuwa na theluji na magari yanatakiwa kuondolewa barabarani, idara ya mji inapata habari hiyo hata kabla ya mwanahabari. Pili, mfanyakazi wa mji ana mshahara, bima na pensheni, hivyo hakimbii baada ya miezi minane. Tatu, nyaraka za mji zinaweza kudaiwa na raia yeyote kwa sheria ya taarifa za umma, na meya akiharibu anaondolewa kwa kura. Mwenyekiti wa bodi ya shirika humwondoi kwa kura. Mara nyingi hata jina lake hulijui.

Tatizo la njia hii linaonekana kwenye ratiba. Nimekaa na ratiba ya kituo kimoja cha idara, sitakitaja, nikakuta meya akikata utepe asubuhi, akikata utepe mchana, na usiku akizungumza na mkuu wa polisi kuhusu tepe alizokata. Hakuna aliyewakataza wakosoaji kuingia. Walikuta tu studio imeshawekewa nafasi.

Shirika linaloitwa huru linakwepa hilo, angalau kwa karatasi. Vijana wa sekondari wanaingia jioni, wazee wanakuja na kipindi cha bustani, wahamiaji wanarusha kwa lugha zao. Ndiyo maana wapenzi wa televisheni ya jamii karibu wote, mimi nikiwemo, huanza wakiwa upande wa bodi. Kilichonitikisa ni kesi mbili.

Ya kwanza ni ya Kansas City. Mwaka 1988 kundi la wabaguzi wa rangi la Ku Klux Klan liliomba nafasi kwenye chaneli ya umma. Halmashauri ya jiji, badala ya kuwakatalia wao peke yao, ikaamua kuiua chaneli yote. Klan wakaenda mahakamani, wakitetewa na wanasheria wa haki za kiraia wa ACLU. Kufikia 1989 jiji lilisalimu amri, chaneli ikarudi. Hadithi hii husimuliwa kama ushahidi kwamba serikali haiaminiki na kitufe cha kuzimia. Ni kweli. Lakini isome tena: chaneli ilirudi kwa sababu aliyeizima alikuwa serikali, na serikali inabanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema.

Kesi ya pili ni ya Manhattan. Huko jiji lilikabidhi chaneli za umma kwa shirika lisilo la faida, MNN. Watayarishaji wawili, DeeDee Halleck na Jesús Papoleto Meléndez, wakatengeneza filamu ya kulikosoa shirika hilohilo kwa jinsi lilivyoutendea mtaa wa East Harlem. Ilirushwa, kisha wao wakafungiwa. Wakashtaki. Juni 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema MNN si chombo cha serikali, kwa hiyo Katiba hailibani. Jaji Kavanaugh aliyeandika uamuzi alisema kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti kama jiji lenyewe ndilo lingeendesha chaneli. Jaji Sotomayor, kwa upande wa wanne walioshindwa, aliona kwamba shirika lilikuwa limevaa viatu vya jiji.

Kwangu mimi hapo ndipo penye fundo. Klan walikuwa na mlango wa mahakama wa kugonga. Halleck, mwanamke aliyetumia maisha yake kuijenga televisheni ya jamii, mlango huo alifungiwa. Ukiitoa chaneli mkononi mwa meya ili isimwogope, unaitoa pia kwenye ulinzi uliomfunga meya mikono. Watetezi wa bodi, wengi niliozungumza nao, hulipita hili harakaharaka.

Fedha nazo haziwapi nafuu yoyote. Mkono mtupu haulambwi. Kampuni ya kebo inapitisha nyaya kwenye nguzo na chini ya barabara za mji, na mji unaitoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya huduma ya kebo. Familia inayolipia televisheni dola 100 kwa mwezi inachangia dola 5. Ikikata televisheni na kubaki na intaneti ya kampuni ileile, kwa waya uleule, dola hizo 5 zinayeyuka, kwa sababu intaneti haihesabiwi. Maple Heights, mji wa viungani mwa Cleveland, ulijaribu kuzitoza Netflix na Hulu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio ikakataa. Juu ya ile asilimia 5 mji unaweza kudai nyongeza, lakini fedha hiyo ni ya majengo na vifaa, si ya mishahara. Ndipo utakuta kituo chenye kamera tatu mpya na mfanyakazi mmoja na nusu wa kuzishika.

Na ada hiyo inaingia kwanza kwenye mfuko wa mji. Hakuna sheria ya taifa inayoulazimisha mji kuipeleka kwenye televisheni; unaweza kuitia lami. Kwa hiyo shirika “huru” linasubiri hundi ya meya yuleyule. Nimeona mkurugenzi wa kituo akifuta swali moja kwenye mdahalo wa wagombea, wiki mbili kabla ya bajeti kupigiwa kura. Hakuna aliyempigia simu. Hakuhitaji kupigiwa.

Kuna wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati, YouTube ipo. Yule mama wa mahamri ana dada zake Nakuru, na kipindi chake walikionea YouTube, si kwenye kebo ya Massachusetts. Nakubali. Lakini YouTube haikumfundisha kuweka maikrofoni mbali na feni ya jiko, wala haitatuma mtu kukaa hadi saa tano usiku kurekodi kamati ya mipango miji ikijadili kibali cha gereji. Chaneli inaweza kufa bila mtu kugundua. Kikifa kituo, watu watagundua siku watakapotaka kujua nani alipiga kura gani.

Suala la lugha lingehitaji makala yake. Vipindi vya Kiswahili, Kihaiti na Kireno vinarushwa na wafanyakazi wasioelewa neno hata moja. Mtayarishaji anasaini fomu kwamba atawajibika mwenyewe, basi. Idara ya mji ingeogopa hilo. Bodi huachia tu. Hapo naichagua bodi bila kusita.

Kwa ujumla bado naegemea kwa bodi, lakini si bodi niliyokuwa nikiitetea zamani. Kwa kuwa Katiba haiifikii, mkataba wa mji na shirika uifikie: zamu zitolewe kwa aliyetangulia kuomba, anayefungiwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa nje ya bodi, viti kadhaa vya bodi vipigiwe kura na watayarishaji, na sehemu ya ada itajwe kwa asilimia, isisubiri huruma ya bajeti. Watu wa idara watasema hiyo ni serikali kwa mlango wa nyuma. Huenda. Ni mlango ambao angalau una namba.

Wakati wa kuyadai haya upo, ila ni mfinyu. Kwa sheria ya taifa, mchakato rasmi wa kuhuisha mkataba wa kebo unafunguliwa miaka mitatu kabla haujaisha, na mji unatakiwa kusikiliza wananchi wanahitaji nini. Mjini kwetu kikao hicho kilifanyika Jumatano moja ya mvua. Alikuja wakili wa kampuni ya kebo, karani wa jiji, na mzee wa kipindi cha bustani aliyetaka kujua kwa nini bili yake imepanda. Kamera ilikuwa moja, ya kituo, na aliyeishika nilikuwa mimi, kwa hiyo sikuruhusiwa kuzungumza.