Mihadhara iko YouTube, ukumbini tunafuata nini?

Msimu wa makongamano ya teknolojia na mitandao ya kijamii ukifika, mabishano huwa ni yale yale. Anayeombwa udhamini huuliza kuna haja gani ya kumpandisha mtu ndege, kumlipia hoteli na kumpa posho, ili akasikilize hotuba zitakazowekwa YouTube wiki inayofuata. Si kwamba ni mchoyo. Fedha hizo zingeweza kulipia bando la mwaka mzima kwa kundi la vijana wanaojifunza kuandika programu. Anayeomba naye hujibu kwamba asiyekuwepo hasikiki, na kwamba mengi yanayogusa simu zetu huamuliwa na watu waliokwisha kufahamiana uso kwa uso.

Naona wote wawili wanabishania hotuba, na hotuba ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kongamano. Kinachostahili nauli ni nafasi ya kumjibu msemaji angali mbele yako. Palipo na nafasi hiyo, mtu afunge safari. Pasipokuwepo, video inatosha, tena unaweza kuirudisha nyuma pale usipoelewa.

Mfano ulio karibu nasi ni Arusha, Juni 2007, mkutano wa TEDGlobal ulipofanyika katika hoteli ya Ngurdoto. TED, shirika la Marekani linaloandaa mikutano ya hotuba fupi, walikuwa wameanza kuweka hotuba zao mtandaoni bure tangu 2006, kwa hiyo hata wakati ule mtu angeweza kuuliza: ya nini kwenda? Ila kwa Mtanzania wa kawaida video haikuwa mbadala wa kweli. Mkongo wa SEACOM, unaoleta intaneti kupitia chini ya bahari, uliwashwa katika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na kusubiri video ya dakika 18 ifunguke katika intaneti kafe kulihitaji subira na pesa.

Katika mkutano ule alipanda jukwaani William Kamkwamba, kijana wa Malawi wa miaka 19 aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, kisha akajenga kinu cha upepo cha kufua umeme kwa kutumia baiskeli kuukuu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Waandaaji walipata habari zake kupitia blogu iliyochukua habari ya gazeti la Malawi. Alikuwa hajawahi kutumia kompyuta wala kuona intaneti. Jukwaani alikaa dakika chache tu, na miaka miwili baadaye alieleza mwenyewe kwamba woga ulimfanya Kiingereza kimpotee. Ukipima thamani ya siku ile kwa video, utaona maneno machache ya kijana mwenye hofu. Lakini waliokuwa ukumbini walimfuata, wakamuuliza anahitaji nini, wakamsaidia kurudi shule. Mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Siku hizo hizo mwandishi wa habari wa Uganda, Andrew Mwenda, alisimama akaishambulia misaada ya nje kwa Afrika. Bono, mwanamuziki anayeitetea misaada hiyo duniani kote, alikuwa ameketi miongoni mwa wasikilizaji, naye hakungoja kupewa kipaza sauti. Alimjibu palepale kutoka kwenye kiti chake. Wapo waliomwona mkosefu wa adabu. Mimi nasema ule ulikuwa mkutano hasa. Mtu ametoa hoja, mwenye kuumizwa nayo amejibu, na kila aliyekuwemo amelazimika kuamua yuko upande gani.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na unatoka kwa mtu mwingine aliyekuwa Arusha. Mkenya Ory Okolloh alizungumza pale kuhusu Mzalendo, tovuti aliyoianzisha na mwenzake kufuatilia mwenendo wa wabunge wa Kenya. Januari 2008, nchi yake ikiwa ndani ya machafuko ya baada ya uchaguzi, aliandika kwenye blogu yake akiwa Johannesburg, akiomba mafundi wa programu watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich ni miongoni mwa walioitikia, na ndani ya siku chache tovuti ya ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Hawakuwa na ukumbi, jukwaa wala mgeni rasmi, na baadhi yao walikuwa Marekani. Anayesema makongamano ni anasa anaweza kuishika hoja hii na isimponyoke. Ninachoongeza ni kwamba walioitikia wito ule walikuwa watu wa blogu, na blogu za Afrika Mashariki za miaka ile zilikuwa mahali pa kujibizana: mmoja akiandika asubuhi, mwingine anampinga jioni. Kwa maana hiyo Ushahidi inatukumbusha kuwa kujibizana ndiko kunakozaa kazi, kuwe ukumbini au nje yake.

Sasa tazama kongamano la kawaida katika hoteli zetu. Ratiba inasema saa tatu kamili. Mgeni rasmi anaingia saa nne na nusu, watu wanasimama, waheshimiwa wanatajwa mmoja mmoja mpaka itifaki izingatiwe, ndipo anasoma hotuba aliyoandikiwa. Inapigwa picha ya pamoja. Anaondoka na msafara wake kwa kuwa ana majukumu mengine, na maofisa ambao ndio wangejibu maswali wanaondoka naye. Jopo la wataalamu linaanza limechelewa. Kila mmoja "anaongezea tu alichosema mwenzake", mwendeshaji anaangalia saa, kisha anatangaza kuwa muda umetubana, tuchukue maswali mawili. Kipaza sauti kinaanzia safu za mbele, walikoketi wakurugenzi, na wa kwanza kukipokea hana swali, ana mchango wa dakika saba.

Nimeshuhudia dada mmoja anayeuza vitambaa kwa njia ya Instagram akiinua mkono tangu mada ianze mpaka ifungwe. Akaunti yake ilikuwa imedukuliwa, wateja walikuwa wakitapeliwa kwa jina lake, na malalamiko yake yote yalijibiwa na mashine. Alikuja na picha za skrini kwenye simu, tayari kumwonyesha ofisa aliyekuwa akieleza jukwaani jinsi watumiaji wanavyolindwa. Hakupewa nafasi. Wakati wa chai alimfuata ofisa yule kwenye foleni ya sambusa, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine, na pale, sahani mkononi, akaelekezwa njia ya kuwasilisha malalamiko ambayo haikutajwa kabisa katika mada. Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilijifunza mengi zaidi katika mazungumzo yale kuliko katika asubuhi nzima ya slaidi. Nasikitika kwamba waliobaki mezani hawakusikia, na kwamba kamera ilikuwa imeshazimwa.

Wanaotetea makongamano husema hiyo ndiyo faida yenyewe, kwamba mambo hutokea kwenye korido. Ni kweli, na historia ya mitandao ya kijamii inawaunga mkono. Twitter ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi ilipokwenda kwenye SXSW, tamasha la muziki, filamu na teknolojia huko Austin, Texas, Machi 2007. Skrini kubwa ziliwekwa kwenye korido, washiriki wakaona ujumbe wao ukipita juu yake, na ujumbe wa siku ukapanda kutoka takriban 20,000 hadi 60,000. Mwaka uliofuata, katika tamasha lile lile, Mark Zuckerberg alihojiwa na mwandishi Sarah Lacy mbele ya umati. Watu hawakuridhishwa na maswali. Wakaanza kulalamika Twitter wakiwa wamekaa vitini, kila mmoja akaona kumbe jirani yake naye amechoka, manung'uniko yakawa kelele, na hatimaye hadhira ikapewa nafasi ya kuuliza yenyewe. Lacy alitendewa kwa ukali ambao siupendi. Kundi likishajua ni kundi hupoteza staha haraka. Hata hivyo tangu siku ile msemaji wa jukwaani hana hakika ya kuongea peke yake.

Lakini korido ni ya wale waliofika. Hapo hoja ya mdhamini inapata nguvu mpya, maana wanaofika mara nyingi ni wale wale. Juni 2023 RightsCon, mkutano mkubwa wa haki za binadamu katika zama za kidijitali, ulifanyika Kosta Rika. Washiriki wengi kutoka Afrika na Asia walikwama kwa viza, wengine wakiwa na mada za kutoa, na waandaaji, Access Now, wakalazimika kuomba radhi. Mkutano wenye nia njema kabisa ukaishia kuwajadili watu ambao hawakuweza kuingia.

La Addis Ababa linanisumbua zaidi. Mwishoni mwa Novemba 2022 Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti, linaloitishwa na Umoja wa Mataifa, lilikutana pale. Watu wa Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, walikuwa wamekatiwa mawasiliano tangu vita ilipoanza Novemba 2020, na mkataba wa amani uliotiwa saini Pretoria ulikuwa na wiki chache tu. Waziri Mkuu Abiy Ahmed alipofungua mkutano alitetea kuzimwa huko, akisema intaneti ilitumika kueneza taarifa za uongo. Je, ilikuwa sawa kwenda? Wapo waliosema kuhudhuria ni kumpamba mwenyeji. Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo, kama wote wangesusia, maneno yale yangesemwa mbele ya watu wanaopiga makofi tu. Aliyekwenda akauliza hadharani kuhusu Tigray alifanya kazi ambayo mtazamaji wa video hawezi kuifanya. Aliyekwenda akanyamaza, akapiga picha kando ya bango, huyo sioni alichofuata.

Janga la korona lilitupa kipimo kingine. SXSW ya 2020 ilifutwa Machi 6, na RightsCon ya mwaka ule ikafanyika mtandaoni. Ghafla mtu wa Kigoma au Bujumbura aliweza kuingia bila viza wala tiketi. Ulikuwa ukombozi, na wanaoubeza wamesahau ubalozi unavyodhalilisha. Tatizo ni kwamba wengi walijikuta wakisikiliza huku wamezimiwa vipaza sauti, maswali yakiandikwa pembeni na kuchaguliwa na mwendeshaji. Bando liliisha katikati ya mada. Mlango ulifunguliwa, lakini haki ya kujibu ilibaki mikononi mwa yule yule mwenye ratiba.

Yupo pia mtu ambaye haitwi kabisa, na kwangu huyo ndiye angepaswa kukaa mbele. Mazungumzo kuhusu matusi, uchochezi na picha za kutisha mitandaoni huongozwa na wakuu wa sera wa kampuni. Kazi ya kutazama uchafu huo na kuuondoa ilifanywa Nairobi na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Facebook, kama dunia ilivyojua vizuri zaidi baada ya Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, kufungua kesi mwaka 2022. Mei 1, 2023 zaidi ya 150 kati ya wafanyakazi wa kazi hii, waliohudumia kampuni mbalimbali, walikutana katika hoteli moja ya Nairobi wakakubaliana kuunda chama chao. Nao ulikuwa mkutano kuhusu teknolojia na mitandao ya kijamii, hotelini, wenye wasemaji. Tofauti ni kwamba kila aliyekuwemo alikuwa na jambo lake mwenyewe mezani na waliondoka na uamuzi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuache makongamano, wala na wanaoyahudhuria yote. Septemba 2023 jukwaa la uhuru wa intaneti barani Afrika linaloandaliwa na CIPESA, shirika la sera za TEHAMA la Kampala, lilikuja Dar es Salaam. Hii ni nchi ambayo kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili za leseni na ada zake. Kwa mwanablogu wa Tanzania fursa ya kuwa jengo moja na wanaotunga kanuni kama hizo, bila viza na kwa nauli ya daladala, haitokei mara nyingi. Mtu wa hivyo nisingemwambia asubiri video.

Kwa hiyo shirika lenye nafasi moja ya udhamini ningelishauri limtume mwenye jambo la kuuliza, hata kama Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na mkurugenzi abaki ofisini atazame hotuba. Aulizwe kabla ya safari anakwenda kumjibu nani, na akirudi aulizwe alijibiwa nini. Waandaaji nao wagawe muda nusu kwa nusu kati ya mada na maswali, waruhusu maswali kwa Kiswahili pale wasikilizaji walipo Waswahili, na kipaza sauti kianzie nyuma. Mgeni rasmi akikubali mwaliko, akubali pia kukaa na maofisa wake hadi swali la mwisho. Kama ana majukumu mengine, hotuba yake itumwe kwa video.