Walichoma, walivua, walivaa: nani kawazika?

Juzi usiku nusura nikitupe dirishani kitabu cha watu. Ni cha maktaba ya shule, ningekilipa, na bei ya vitabu vya watoto hapa Perth mnaijua. Nikajizuia.

Binti yangu wa miaka 7 ndiye aliyekileta. Picha kubwa kubwa, rangi tele, kinasimulia majira sita ya Wanoongar, wenye ardhi hii ya kusini magharibi mwa Australia: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang. Kwetu kitabu cha kulalia husomwa kwa Kiswahili hata kikiwa cha Kiingereza. Mimi natafsiri papo hapo, yeye anatazama picha. Basi nikaanza. Wakati wa Birak walichoma nyasi. Wakati wa Bunuru walivua samaki. Wakati wa Makuru walivaa majoho ya ngozi ya kangaruu. Hapo mtoto akanikatiza: "Mama, kwani walikufa wote?"

Nikabaki nimefungua mdomo. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekipitia jikoni na sikuona kitu. Lakini Kiswahili hakina pa kuficha: kila kitenzi kinatoka na -li- yake, kama kimevikwa sanda. Na picha nazo zinaunga mkono, mzee kifua wazi, mkuki mkononi, jua linazama nyuma yake. Kurasa sita zote jua linazama!

Sasa darasani, meza moja na binti yangu, anakaa Mnoongar. Anavaa raba zinazowaka taa kila akikanyaga. Bibi yake huja kumchukua getini na gari dogo lililojaa mbwa. Huyo mtoto naye kasomewa kitabu hichohicho, akasikia kwamba watu wake waliishi hapa. Ametoka hapo akiwa nani, mzimu?

Mtaniambia, mambo mengine kweli yamepita, nani leo anashinda na joho la kangaruu? Haya, nakubali. Lakini kama ni wakati uliopita, basi tuelezwe ulipitaje. Kuanzia 1927 mpaka 1954 katikati ya jiji hili palikuwa marufuku kwa Mnoongar kuingia bila kibali. Miaka ishirini na saba! Mto uleule wanaochorwa wakivua, Derbarl Yerrigan, yaani Mto Swan, ndio unaopita kando ya jiji hilo. Hapo ndipo -li- ilipostahili kuandikwa, tena kwa wino mzito: walikatazwa, walifukuzwa, walinyang'anywa watoto. Kitabu kimeiruka kimyakimya, kikaipeleka kwenye kuvua samaki, kazi ambayo watu wanaifanya hadi leo. Na hao "waliokuwapo" ndio walioingia makubaliano na serikali ya jimbo, yakaanza kutekelezwa 2021, makubwa kuliko yote ya haki za ardhi za wenyeji katika historia ya Australia. Tangu lini maiti akatia saini?

Tena elimu yenyewe si ya makumbusho. Chukueni mbegu za zamia, mmea wa huku unaofanana na mtende mfupi, zile nyekundu zinazoiva kwenye Bunuru. Ni sumu. Mabaharia wa Kiholanzi wa nahodha Vlamingh walizila mwaka 1697 karibu na mto huu, wakatapika vibaya sana, ilhali Wanoongar wana namna yao ya kuloweka na kufukia ganda lake mpaka lilike. Aliyelelewa Tanga kama mimi, akamwona bibi akihangaika na muhogo mchungu, haelezwi mara mbili kwamba hiyo ni sayansi. Kitabu kimeipa nusu sentensi.

Kuhusu bango la darasani lenye majira manne na mtu wa theluji, jijini ambako theluji haianguki, leo sina nguvu. Na wale wanaosema "majira ya Waaborijini" kana kwamba bara zima lina kalenda moja, waende Kakadu, kaskazini kabisa mwa nchi: majira sita pia, ila mengine kabisa, kwanza kuna Gudjewg, masika yenyewe, ambayo huku hatuna.

Tusijitoe lakini. Nikiwa darasa la tano tuliimbishwa kwamba Wahadzabe "waliishi" kwa asali, mizizi na kuwinda. Waliishi! Na wapo pale Eyasi, leo hii, wanagombana na wenye mifugo na mashamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwalimu walikufa lini. Binti yangu kaniuliza, ndiyo maana nina aibu.

Kitabu sikukitupa. Ukweli ni kwamba bila hicho asingejua hata jina Djilba, na mwalimu aliyekichagua alikuwa na nia njema, Mungu amlipe. Tulirudi ukurasa wa kwanza tukaanza upya: wanachoma, wanavua. Niliporudia -li- kwa mazoea, alinipiga kofi dogo la mkono. Tulipofika Djilba, kwenye migunga yenye maua ya njano, akaweka kidole: "Huu si uko kituo cha basi?"

Asubuhi tukaenda kuangalia. Tarehe 6 Agosti, kalenda ya jikoni inasema baridi mpaka 31, na mgunga wa kituoni umechanua wote, poda ya njano imejaa kwenye benchi. Alipanda basi na makalio ya njano, na hakutaka nimpanguse.