Maji ya Chupa Yanatueleza Nini Kuhusu Maji ya Ardhini?

Mwishoni mwa miaka ya 2000, wanajiolojia wa Ulaya walikwenda kutafuta sampuli madukani. Badala ya kubeba pampu na kuzunguka kisima hadi kisima, taasisi za jiolojia zilizo katika umoja wa EuroGeoSurveys zilinunua aina 1,785 za maji ya chupa kutoka nchi 38, zikayapima yote katika maabara moja mjini Berlin. Matokeo yalitoka mwaka 2010 chini ya uhariri wa Clemens Reimann na Manfred Birke. Waliotaka ramani ya kemia ya maji ya ardhini ya bara zima waliipokea kazi hiyo kwa furaha. Lakini wapo waliouliza, na wana haki ya kuuliza: maji yaliyokwisha kupita kiwandani na kukaa ndani ya chupa bado ni maji ya ardhini?

Kwa Ulaya, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye sheria. Maji yanayouzwa huko kama maji ya madini ya asili lazima yatoke chini ya ardhi, chanzo chake kitajwe kwenye lebo, na ni marufuku kuyatia dawa ya kuua vijidudu. Ndiyo maana lebo zenyewe zinasomeka kama maelezo ya miamba. Evian, ambayo maji yake huchujika kwenye mchanga na kokoto zilizoachwa na barafu milimani Alps, ina takriban miligramu 80 za kalsiamu kwa lita. Volvic hutoka kwenye miamba ya volkano katikati ya Ufaransa. Kalsiamu yake ni kama miligramu 12 tu, ila silika, madini yaleyale ya mchanga, inazidi 30. Tofauti hiyo haikuwekwa na mwenye kiwanda, imetokana na mawe ambayo maji yalipitia. Faida nyingine ni maabara kuwa moja. Kumbukumbu za maji za nchi mbalimbali zilipimwa kwa vifaa tofauti, miaka tofauti, na mara nyingi haziwezi kulinganishwa. Hapa kila sampuli ilipita mikono ileile.

Upande wa pili una hoja nzito, na ya kwanza ni chupa yenyewe. Watafiti walipolinganisha maji yaleyale yanayouzwa katika chupa za kioo na za plastiki ya PET, walikuta antimoni, elementi ya kimetali, ikiwa juu takriban mara 21 kwenye maji ya chupa za plastiki. Chanzo kinajulikana: antimoni hutumika kama kichocheo wakati wa kutengeneza plastiki hiyo, kisha hujipenyeza taratibu kwenye maji. Kioo nacho hakikupona, kwani huachia risasi, alumini, zirkoni na seriamu. Viwango hivi kwa kawaida viko chini sana ya kikomo cha sheria, kwa hiyo mnywaji hana sababu ya kuingiwa na hofu. Mwanajiolojia ndiye mwenye shida. Mwaka 2006 mtafiti William Shotyk na wenzake walipima maji safi ya ardhini huko Kanada wakakuta nanogramu 2 tu za antimoni kwa lita. Kiasi kidogo namna hiyo hufunikwa kabisa na kile kinachotoka kwenye plastiki.

Kiwanda nacho kina mkono wake. Hata sheria ya Ulaya inaruhusu kuondoa chuma, manganizi na arseniki, na kuongeza au kupunguza gesi ya kaboni. Mwaka 2024 Nestlé ilikiri kwamba baadhi ya maji yake nchini Ufaransa yalipitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno na vichujio vya mkaa, mambo ambayo hayaruhusiwi kwa maji ya aina hiyo. Usafishaji wa namna hiyo haugusi sana kalsiamu wala sodiamu, lakini unatikisa imani kwamba kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichotoka ardhini.

Kwangu mimi, udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Hakuna mfanyabiashara anayechimba kisima chenye maji mabaya akayatia kwenye chupa. Sampuli za dukani zimekwisha kuchaguliwa kwa ladha, kwa usafi na kwa soko. Ramani inayotokana nazo ni ya maji yanayouzika, na yule anayechota kisimani kwake hayumo.

Hilo linatuhusu moja kwa moja Afrika Mashariki. Kwenye Bonde la Ufa, kuanzia Arumeru na Arusha hadi Nakuru na Naivasha, tatizo kubwa ni floraidi. Miamba ya volkano huitoa, na kwa kuwa maji hayo yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hakuna cha kuikamata na kuigandisha, basi inabaki ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vya chini ya Mlima Meru yanaonyesha hali ilivyo. Huko Ngurdoto kuna kituo kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji mengi ya chupa ya kwetu, kwa upande wake, hupitishwa kwenye mashine za RO (reverse osmosis), zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuondoa karibu chumvi zote, kisha mengine huongezwa madini. Ukiyapima hayo unapima mashine.

Hata hivyo nisingeitupa njia hii. Kwa kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloridi na silika, chupa isiyopitia RO ni sampuli nzuri na ya bei rahisi, na chuo chochote chenye maabara ya kawaida kinaweza kuanza nayo. Kwa floraidi, arseniki, chuma na metali zilizo kwa kiasi kidogo mno, sampuli ichukuliwe kwenye bomba la kisima, kabla ya kichujio. Viwanda vya maji Tanzania tayari vinahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi za mabonde, kama ile ya Pangani. Bodi zikiweka sharti kwamba kila mwenye kibali awasilishe sampuli ya maji ghafi mara moja kwa mwaka, pamoja na kina cha kisima, na majibu yakawekwa wazi, wanafunzi wa jiolojia wangepata takwimu za kufanyia kazi, na vijiji jirani vingejua kilichomo kwenye maji wanayokunywa bila kichujio chochote.