Tunaogopa masika, kiangazi tunakisahau

Masika yakikaribia huku Mtwara na Lindi matangazo ni yaleyale, mvua zinakuja jiandaeni na malaria na kipindupindu. Sipingi, vyoo vikifurika uchafu unaingia visimani, na kimbunga Hidaya Mei 2024 kilivyoifanya Kilwa tuliona wote. Lakini wanaosema ukame nao unaleta magonjwa hatuwasikilizi, wakati ushahidi wao uko hapahapa nyumbani.

Chukua chikungunya, homa inayoenezwa na mbu. Jina ni la Kimakonde, mtu anapinda kwa maumivu ya viungo, na dunia nzima inalitumia kwa sababu ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza hukuhuku Newala, mlipuko wa 1952 mpaka 1953. Sasa Newala siyo mabondeni jamani, ni juu, mchanga unakunywa maji yote, kinamama walikuwa wanateremka bonde na kupanda tena na mtungi kichwani. Maji ya tabu hivyo humwagi, unayaweka ndani siku na siku, na mbu Aedes aegypti, huyu anayeuma mchana, hataki kingine zaidi ya maji yaliyotulia kwenye chombo kivulini. Shida ya maji ndiyo iliyomfuga.

Na mayai yake ndiyo yananikosesha usingizi. Anayabandika kwa ndani ya chombo, juu kidogo ya maji, yakikauka hayafi, yanakaa miezi, ukijaza tu yanaanguliwa na kwenye siku kumi hivi mbu wanaruka. Pipa la bibi yangu lina ule mstari wa utelezi kwa ndani, miaka yote tunasuuza, tunamwaga, tunajaza tena, tunaona safi. Kumbe kusuuza hakutoshi, ni kusugua na brashi mpaka mstari utoke, kila wiki, halafu unafunika vizuri.

Kuna homa ya mgunda pia, Mbekenyera kule Ruangwa, Julai 2022, wagonjwa 20, watatu wakafa. Kwa kawaida inahusishwa na mafuriko, mkojo wa panya na wanyama ukiingia kwenye maji, ila Julai kwetu ni kiangazi. Mtu atasema mlipuko mmoja haujengi hoja, sawa, ila maji yakibaki kidimbwi kimoja, watu, ng'ombe na panya wote wanaelekea hapohapo.

TMA, wale wa hali ya hewa, wakitangaza mvua chini ya wastani sisi tunawaza mihogo na mbaazi tu. Siku hiyohiyo gari la matangazo lipite Newala na Tandahimba, watu waambiwe wasugue mapipa.