XSLT: Tuziendee Nodi au Tuziache Zije?

Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipopitisha tarehe 16 Novemba 1999 XSLT 1.0, lugha ya kuzigeuza hati za XML (maandishi yaliyowekewa lebo), na XPath 1.0, lugha ya kutajia njia za kuzifikia sehemu za hati hizo, waandishi wa laha za mitindo, yaani programu za XSLT, wamegawika pande mbili. Wapo wanaoiendea kila nodi (elementi, yaani lebo na kilichomo ndani yake, au kipande cha maandishi) kwa njia yake, kwa amri za for-each, inayozipitia nodi moja moja, na value-of, inayotoa maandishi ya nodi, na wapo wanaoandika violezo vyenye ruwaza zinazosema kila kiolezo ni cha nodi zipi, kisha wakatoa amri ya apply-templates na kuiacha hati ipite yenyewe, kila nodi ikipokewa na kiolezo kinacholingana nayo. Hawa wa pili huwaona wenzao kuwa wanafunzi ambao hawajahitimu. Kwa maandishi ya kusomwa nakubaliana nao. Kwa yasiyokuwa hayo, sivyo.

Mwenzangu wa Wete na mimi tulikuwa tukiipanga katika XML orodha ya msamiati wa kazi ya karafuu, kila kitomeo kikiwa na kidahizo (neno lenyewe linaloelezwa), maana na mfano. Laha yetu ya kwanza ilikuwa ya kuziendea nodi, na ilisomeka vizuri kutoka juu hadi chini, mpaka tulipofika kwenye "chambua", kitenzi chenye maana mbili: kutenganisha karafuu na makonyo yake, na kulipima jambo kwa kina. Ukurasani ilitoka maana ya kwanza tu, kwa kuwa value-of ya toleo la 1.0 ikipewa nodi kadhaa huchukua iliyotangulia katika hati na kuziacha nyingine bila ya kulalamika. (Toleo la 2.0, la mwaka 2007, huzitoa zote na kuweka nafasi kati yake, jambo ambalo nalo humshangaza asiyelitarajia.) Hilo tulilitengeneza kwa for-each moja zaidi. Lililotushinda ni mfano huu:

<mfano>Wakishachambua, <neno>makonyo</neno> huanikwa kando.</mfano>

Tulitaka "makonyo" litoke kwa herufi za mlazo, lakini value-of huchukua maandishi matupu na kuzivua lebo zote zilizomo. Kwa kuwa hakuna ajuaye mapema lebo ya neno itakaa wapi katika sentensi, wala itajitokeza mara ngapi, hakuna njia nyepesi inayoweza kuandikwa ya kuiendea. Kiolezo kimoja cha neno, kinachosubiri, kilimaliza kazi orodha nzima.

Hata hivyo kusubiri kuna gharama zake. XSLT ina violezo vya kuzaliwa navyo, ambavyo huingia ndani ya elementi isiyoandikiwa kiolezo na kuyatoa maandishi yake; ndivyo dokezo letu la ndani, "hapa tumuulize mzee tena", lilivyofika kwenye nakala ya kuchapishwa mpaka tulipoliandikia kiolezo kitupu cha kulinyamazisha. Kuna pia ugomvi wa vipaumbele, pale violezo viwili vinapoigombea nodi moja: ruwaza ya maana ina kipaumbele cha 0, ya kitomeo/maana (maana iliyo ndani ya kitomeo) ina 0.5 na ndiyo inayoshinda, na mbili zikilingana kwa kipaumbele, toleo la 1.0 humruhusu mchakataji, yaani programu inayoiendesha laha, ama atoe kosa ama achukue iliyo ya mwisho katika laha, kwa hivyo kuhamisha mistari tu kunaweza kuugeuza ukurasa. Anayeirithi laha ya namna hiyo hajui aanze kuisoma wapi.

Katika kushindwa, mwenye kuziendea nodi ndiye mwenye nafuu. Hati ikiwa imetangaza nafasi ya majina (namespace, kitambulisho kinachoonyesha majina ya lebo ni ya msamiati upi) na laha ikaisahau, for-each hutoa ukurasa mtupu, na kosa huonekana papo hapo. Violezo hutoa maandishi yote yakiwa yamegandana, na mwenye haraka hudhani kilichoharibika ni mpangilio tu. Lakini mwenye kuziendea nodi naye ana mtego wake: //maana[1] haimpi maana ya kwanza ya hati, bali ya kwanza ya kila kitomeo, na mabano ya (//maana)[1] ndiyo yanayoleta tofauti.

Mwili wa orodha yetu sasa unapita kwenye violezo. Faharasa ya nyuma, ambayo ni vidahizo vilivyopangwa kialfabeti bila ya chochote ndani yake, bado ni for-each na sort, mistari sita, na sioni sababu ya kuigusa.