Mchango Wangu Ni Usafiri wa Anga

Nimeamka leo na kukuta orodha ya michango ya harusi imekwisha kutumwa kwenye kundi la kamati. Wenzangu wameandikiwa vitu vinavyoeleweka: huyu laki moja, yule elfu hamsini, shangazi kreti za soda, mjomba ndafu mmoja, yaani mbuzi mzima wa kuchoma. Mbele ya jina langu, mahali ambapo muungwana yeyote angetarajia kuona tarakimu, mweka hazina ameandika kwa herufi kubwa: USAFIRI WA ANGA, WATU 12, KIA HADI DAR, KWENDA NA KURUDI. Sikuahidi, sikutikisa kichwa, wala sikukohoa kwa namna ambayo ingeweza kutafsiriwa kuwa ahadi. Hata hivyo, chini ya orodha hiyo wajumbe wamekwisha kunishukuru, na mmoja ameuliza kama ndani ya ndege kutakuwa na chai.

Mtu yeyote anayefanya kazi ya shirika la ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kulala Moshi anayafahamu mateso haya, hata kama kazi yake ni kusukuma vitoroli vya mizigo. Mwenye nyumba wangu huanza kudai kodi kwa kuulizia habari za Amsterdam. Kijana wa bodaboda pale kijiweni kwetu Majengo amekataa kunikopesha safari ya kwenda stendi, kwa hoja kwamba mtu anayepanda ndege bure hawezi kukosa elfu mbili. Mama wa genge amenikabidhi picha za pasipoti za mwanawe, bila maelezo, pamoja na fungu la nyanya.

Naomba nieleze kwa utulivu na kwa heshima zote. Tiketi ya mfanyakazi wa shirika la ndege si tiketi ya bure. Ni ruhusa ya kusubiri. Ipo ile inayoitwa ID90, ambayo hupunguza asilimia 90 ya nauli, na ipo ile ya ZED, ambayo mashirika yamekubaliana kutozana wafanyakazi wao nauli ndogo kwa kadiri ya umbali wa safari. Kodi na tozo za uwanja hazina habari na ujamaa huo, kwa hiyo katika safari fupi unaweza kukuta tozo zimeizidi nauli yenyewe. Ukishalipa, hujanunua kiti. Umenunua haki ya kukaa mahali ambapo mwenzako wa kaunta anakuona, ukiwa umevaa suti, na kutazama kama kuna binadamu atakayechelewa.

Suti hiyo nayo ni sheria. Mashirika mengi humtaka anayesafiri kwa tiketi ya aina hii avae kwa staha, na hayatanii: mwezi Machi 2017 kule Denver, Marekani, shirika la United liliwazuia wasichana wawili kupanda ndege kwa sababu walivaa suruali za kubana huku wakisafiri kwa tiketi za familia za wafanyakazi. Dunia nzima ilipiga kelele, lakini sisi wenye tiketi hizo tulikwenda kupiga pasi. Ndiyo maana abiria aliyelipa nauli kamili anakaa pale uwanjani na kaptura na kandambili, akila karanga kwa raha zake, wakati mimi niliyelipa kiduchu nimekaa kando yake kama naibu waziri anayesubiri kutenguliwa.

Kusubiri huko humharibu mtu tabia. Ndege za pangaboi za njia ya Dar zina viti kama 70 tu, na mimi najua idadi ya waliokata tiketi, kwa hiyo hesabu naipiga kichwani kila mlango unapofunguka. Unaona familia ya watu sita inashuka kwenye teksi, watu safi, wenye watoto wenye adabu, na wewe uliyelelewa kanisani unajikuta ukisikitika kwamba hawakupata pancha pale Boma Ng'ombe. Abiria wakipungua, foleni yetu wenyewe nayo ina wakubwa wake, kwani katika mashirika mengi hutangulizwa aliyeajiriwa zamani. Mzee wa stoo aliyeanza kazi mimi nikiwa darasa la tatu anaweza kuja dakika ya mwisho, akanisalimia kwa upole, na kunipita. Na hata kiti kikiwa wazi, ukakiona kwa macho yako kupitia dirishani, unaweza kuambiwa kwamba leo uzito umefika kikomo. Uwanja wetu uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana likikaza hewa huwa nyepesi na ndege hupoteza nguvu kiasi, hivyo wanaohesabu kilo hawaangalii suti yako.

Haya yote niliyaeleza Jumapili iliyopita mbele ya kikao cha kamati, kilichofanyika baada ya ibada ya pili katika ukumbi wa baa moja hapa hapa Majengo, chini ya uenyekiti wa baba mdogo, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na hapendi kukatizwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, kisha akasema kwamba kamati imenielewa vizuri na sasa inapenda kuzungumzia kile kiti kingine.

"Kiti gani, baba mdogo?"

"Kile cha mbele, kwa dereva."

"Kwa rubani."

"Huyo huyo. Tumearifiwa kwamba kipo na kwamba hakiuzwi. Sasa, kitu kisichouzwa kinatolewa kwa nani, kama si kwa wazee?"

Hapo niliona hatari. Baba mdogo hajawahi kupanda Noah ya Boma bila kukaa mbele. Akikuta mtu amekaa hapo, huinama dirishani na kumsalimia mpaka mtu huyo ashuke mwenyewe. Nikajitahidi kumweleza kwamba kiti hicho tunakiita jampsiti, kwamba ni kiti cha kukunja kilicho nyuma ya marubani wawili, chembamba, chenye mikanda ya mabegani, na kwamba kimewekwa kwa ajili ya watu wa kazi: mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga anayekuja kutazama marubani wanavyofanya kazi, rubani mkufunzi, au rubani mwingine anayesafiri kwa ruhusa maalumu.

"Mkaguzi," alisema baba mdogo, huku akiandika. "Mimi nimewahi kuwa mkaguzi."

"Wa shule, baba mdogo."

"Ukaguzi ni ukaguzi."

Wajumbe wakagonga meza. Nikaona niwapeleke kwenye historia, kwa kuwa mwalimu huheshimu historia. Nikasema kwamba zamani hata watoto waliweza kuingizwa kule mbele angani wakatazame saa na mishale yake, lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mambo yalibadilika duniani kote, na kuanzia Novemba 1, 2003, kanuni za kimataifa zimezitaka ndege kubwa za abiria ziwe na mlango wa chumba cha marubani unaofungwa kwa ndani na usiopenya risasi. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni inayostahili, kisha akauliza: "Mlango huo uliwekwa kuzuia wahalifu. Je, katika ukoo wetu kuna mhalifu?" Ukumbi ulinyamaza, macho yote yakamgeukia binamu yetu mmoja, naye akainama kufunga kamba za viatu ambavyo, kwa kumbukumbu zangu, havina kamba.

Nilifanya uzembe wa kutaja Marekani. Nilisema kwamba kule marubani wengi huishi mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine, kwa hiyo mashirika yamekubaliana kubebeana marubani kwenye viti hivyo, na upo mtambo wa kompyuta uitwao CASS ambao humthibitishia mtu wa getini kwamba huyu anayeomba bado ni mwajiriwa kweli na si mtu aliyebaki na sare tu. Hata baada ya mtambo kumkubali, rubani huyo bado huenda kwa kapteni, hujitambulisha, na kuomba kwa unyenyekevu kama mtu aliyekuja kuposa, kwa sababu neno la mwisho ni la kapteni, na kapteni akikataa hakuna rufaa.

Sijui ni shetani gani alinituma kutamka neno "kuposa" mbele ya kamati ya harusi. Mshenga wetu, ambaye alikuwa amesinzia tangu ajenda ya pili, alifumbua macho. Alisimama na kusema kwamba kama jambo lenyewe ni la kwenda kuomba, basi kazi hiyo ina mwenyewe. Alitaka kujua kapteni ni kabila gani, wazazi wake wako hai, na kama anatumia mbege. Ndani ya dakika chache kamati ilikuwa imepitisha azimio kwamba ujumbe wa watu watatu uende KIA na kibuyu, na kwamba mimi niwaoneshe mlango.

Nikawaambia, sauti yangu ikiwa bado na nidhamu, kwamba rubani haruhusiwi kugusa pombe kwa saa kadhaa kabla ya kuruka, na kanuni ya Marekani hutaja muda wa saa 8 kuwa kima cha chini kabisa. Nikaongeza kwamba anayekaa kwenye jampsiti naye hufungwa na katazo hilo.

"Hata kidogo?" aliuliza baba mdogo.

"Hata kidogo."

"Hata ikiwa ni siku ya harusi?"

Nikaona nimepata upenyo, nikaukazania. Nikasema kwamba isitoshe, ndege ikiwa chini ya futi 10,000, kwa kupanda na kwa kushuka, ndani ya chumba kile hairuhusiwi kuzungumza jambo lolote lisilohusu uendeshaji wa ndege. Kanuni hiyo iliwekwa Marekani mwaka 1981, baada ya ajali zilizotokana na marubani kupiga soga wakati wa kushuka, na mashirika duniani yakaifuata. Kwa safari ya Dar, ambayo ni kama saa moja tu, hiyo ni sehemu kubwa ya safari katika kimya kitupu. Nilimtazama baba mdogo, mtu ambaye kwenye misiba hupewa nafasi ya kutoa neno la shukrani na watu wakaanza kuangalia mahali jua lilipofika. Alikaa kimya, pengine akijaribu kuona inakuwaje. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake katika kitabu chochote cha shirika: "Na rubani akipotea njia, nimwangalie tu?"

Hapo heshima ikaniishia. Nilisimama, nikawaambia kwamba fomu ya shirika inamtambua mke, watoto na wazazi wangu, ina nafasi ya baba mmoja na mama mmoja tu, kana kwamba ilichapwa na watu wasio na ukoo, na kwamba nikigawa tiketi hizo nje ya masharti naweza kunyang'anywa haki yote, au kazi yenyewe, halafu nije kuchangia harusi kwa nyanya za mama wa genge. Niliwaambia kwamba harusi wameipanga Disemba, wakati kila Mchaga wa Dar mwenye afya anapanda kurudi nyumbani. Kwenda Dar wiki hiyo viti vipo, lakini kurudi hakuna kiti kwenye basi, hakuna kwenye ndege, na ofisi yetu imekwisha kubandika waraka wa kufungia tiketi za wafanyakazi mpaka sikukuu zipite. Niliwaambia jinsi nilivyoachwa Dar na ndege ya mwisho, nikapanda basi nikiwa na suti ileile, abiria wakanidhania mchungaji, nikaombwa kuombea safari, nikaiombea, na Korogwe mama mmoja akaniletea mtoto nimwekee mikono. Mke wangu ana haki ya kwenda mahali penye theluji kwa nauli ya kucheka, lakini kila tukipanga, ndege hujaa. Theluji anayoijua ni hii ya Kibo, ambayo anaiona akianika nguo.

Nilipoketi, baba mdogo alinishukuru kwa mchango mzuri wa mawazo, akamwambia katibu aandike kwamba ndugu mjumbe ameeleza changamoto na kwamba anazishughulikia. Leo ndiyo nimeona jinsi nilivyozishughulikia.

Sasa hivi ninapoandika, mazungumzo kwenye kundi yamehamia kwa yule ndafu. Mjomba anataka kujua kama anaweza kutangulizwa Dar kwa utaratibu wangu wa kusubiri, akiwa amekwisha kuchomwa na kuvishwa majani mdomoni. Nimejibu kwamba ndafu ni mzigo, kwamba mzigo unalipiwa kwa kilo, na kwamba ndege ikizidi uzito ndafu atabaki KIA bila kujali amevishwa nini. Shangazi amesema majibu yangu siku hizi yana kiburi. Mshenga ameuliza kama ndafu akibaki atalala wapi, na nani atakesha naye. Mwenyekiti amefunga mjadala kwa kuunda kamati ndogo ya usafirishaji wa ndafu, ameniteua kuwa katibu wake kwa sababu ya uzoefu wangu wa mambo ya anga, na ametangaza kwamba kikao cha kwanza ni Jumapili saa nane, na kila mjumbe ajinunulie soda yake.